Chumvi ya Kigombe, Mvua ya Amani

Watu wengi wanaokwenda Amani huchagua Januari au Agosti, barabara ikiwa kavu na milima ikionekana vizuri. Mimi namshauri anayetaka kuifahamu Usambara Mashariki aende Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea, na asianzie mlimani. Aanzie Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Tanga na Pangani, ambako barabara inakaribia bahari na upepo unakupiga usoni bila kizuizi.

Mwezi huo upepo umeshageuka. Kaskazi iliyovuma tangu Desemba imekwisha, maleleji yamepita, na sasa kusi inasukuma hewa ya Bahari ya Hindi kuelekea nchi kavu. Vitabu vya jiografia vinaeleza kwamba jua la utosi linapovuka ikweta kwenda kaskazini, hufuatwa nyuma na ukanda wa mawingu ambako pepo za pande mbili za dunia hukutana na kupanda juu. Ukanda huo ukielekea kaskazini, pwani yetu hupata masika, Machi hadi Mei. Ukirudi kusini ni vuli, Oktoba hadi Desemba. Maelezo haya ni sahihi, lakini hayatoshi, kwa sababu ukanda hauchagui kati ya kijiji na kijiji. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tambarare za Mkomazi, nyuma ya milima ya Usambara, hazipati hata nusu ya hizo. Tofauti hiyo inatengenezwa njiani, na sehemu kubwa ya njia hiyo unaweza kuipita kwa gari.

Simama ufukweni Kigombe nusu saa, kisha lamba mdomo wako. Chumvi utakayoionja haikuletwa na maji yaliyokurukia. Imeletwa na hewa. Wimbi linapovunjika kwenye mwamba wa matumbawe hujaa viputo, na kila kiputo kinapopasuka hurusha juu vitone vya maji ya bahari. Maji ya vitone hivyo hukauka, chumvi inabaki ikielea, chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, na upepo huichukua. Bila chembe kama hizo, mawingu yangekuwa adimu sana. Mvuke wa maji haugeuki tone kirahisi ukiwa peke yake. Unahitaji kitu cha kushikilia, na chumvi hupenda maji kuliko vumbi la kawaida. Kila mpishi wa pwani anajua chumvi inavyoshikamana koponi masika yakiingia. Jambo lile lile linatokea mamia ya mita juu ya kichwa chake.

Vitone vya wingu ni vidogo mno. Upana wa kimoja ni kama sehemu mbili za mia za milimita, na vinahitajika vipatavyo milioni moja kuungana ili lipatikane tone moja la mvua la milimita mbili. Hapa chembe za bahari hufanya kazi nyingine. Zile kubwa hutengeneza vitone vikubwa tangu mwanzo. Vitone vikubwa huanguka kwa kasi zaidi, huvigonga vidogo njiani na kuvimeza. Ndiyo sababu pwani hii hunyeshewa na mawingu mafupi ambayo vilele vyake havijafika kwenye baridi ya barafu. Mvua inashuka alfajiri bila radi wala ngurumo, kisha jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siwezi kuondoka Kigombe bila kumtaja silikanti. Mwaka 1938 meli ya uvuvi ya Afrika Kusini ilimtoa baharini samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakiamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Kuanzia 2003 wavuvi wa pwani ya Tanga, wa Kigombe wakiwamo, walianza kumkuta kwenye jarife walizozitega kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Bahari hii ina tabia ya kutunza vitu vya kale, na haitunzi vya majini peke yake.

Katika safari yetu ya Mei, kutoka Kigombe tulipita jiji la Tanga hadi Amboni, kilomita kama nane kaskazini. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mapango na, baada ya kuchelewa kidogo, ikinyesha ndani yake pia. Chokaa ya Amboni ililala chini ya bahari enzi za Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mvua huiyeyusha kwa ukali mdogo sana: likishuka angani, tone huchukua kiasi cha hewa ya ukaa na kuwa tindikali dhaifu, likipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, huchukua zaidi. Hakuna ulimi utakaoitambua tindikali hiyo, lakini ipewe muda wa kutosha na itachimba ukumbi wenye paa refu kuliko la msikiti. Weka kidole penye ukuta unaong'aa kwa maji. Unagusa jiwe likiwa safarini.

Barabara ya kwenda Muheza inapita kwenye mashamba ya mkonge, na historia ya mmea huo katika nchi yetu ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba makubwa yaliyofuata yalitokana na miche hiyo michache.

Muheza ni mji wa machungwa na matope. Hapo mvua ilipumzika kidogo, ikarudi kwa matone makubwa yaliyotawanyika, na ikainuka ile harufu inayomfanya mtu avute pumzi ndefu bila kujua. Hutoka kwenye udongo. Bakteria waishio ardhini, hasa wa jamii ya Streptomyces, hutengeneza kemikali iitwayo jeosmini, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni chembe chache katika matrilioni ya chembe za hewa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walirekodi kwa kamera za kasi kubwa jinsi harufu hiyo inavyopaa: tone linapogonga udongo wenye vinyweleo hufungia hewa chini yake, hewa hiyo hupanda ndani ya tone kama viputo, viputo hupasuka juu na kurusha vitone vyenye harufu. Utaona kwamba ni ufundi ule ule wa mawimbi ya Kigombe. Mvua ya rasharasha hurusha vitone vingi kuliko mvua kubwa, na ndiyo maana harufu hutangulia, kisha mvua yenyewe inapomwagika harufu hufifia.

Kuanzia Muheza hadi Amani ni kilomita thelathini na kitu. Masika, kilomita hizo hazihesabiwi kwa saa. Udongo mwekundu unateleza, konda anashuka mbele ya gari kukagua madimbwi, vijana wanashuka kusukuma bila kuambiwa. Kando yangu alikaa bibi mwenye furushi la iliki. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza mvua hii itakatika lini. "Mjukuu wangu," akasema, "ikikatika ndiyo uniulize."

Hewa nayo ilikuwa ikipanda pamoja nasi. Upepo wa bahari hukutana na ukuta wa Usambara Mashariki kilomita kama 40 tu kutoka ufukweni, na hauna pa kwenda ila juu. Hewa inayopanda hutanuka, na inayotanuka hupoa, takriban nyuzi moja kwa kila mita 100 kabla haijajaa unyevu. Hewa ya Tanga yenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa Mei haihitaji kupanda zaidi ya mita 500 hivi ili mvuke uanze kugeuka wingu. Kituo cha Sigi, lilipo lango la hifadhi, kiko karibu na kimo hicho. Amani iko kwenye mita 900. Kwa hiyo yule mtu wa Tanga anayeona mlima umejifunika wingu, na yule wa Amani anayesema leo kuna ukungu, wanazungumzia kitu kimoja.

Baada ya Sigi msitu unafunga juu ya barabara. Mtu akisimama chini ya miti hiyo wakati mvua imekatika, ataendelea kulowa kwa muda mrefu, nami nataka tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo penye jambo lililonipeleka.

Shuleni tulifundishwa kwamba miti hukinga ardhi dhidi ya mvua. Tuliuchora mti, tukachora matone juu yake, tukachora udongo uliotulia chini. Mchoro huo una pengo. Majani ya juu hunasa mvua, sehemu moja hukauka na kurudi angani, sehemu nyingine huteremka kwenye shina. Lakini maji mengi hukusanyika kwenye ncha ndefu za majani, ncha zilizochongoka ili kumwaga maji upesi, na kutoka hapo yanaanguka kama matone makubwa kuliko yale yaliyotoka mawinguni. Tone la mvua halina umbo la chozi kama tulivyolichora. Dogo ni duara kamili. Kubwa hubonyezwa na hewa kutoka chini hadi likawa bapa kama andazi, na likizidi milimita sita hivi hupasuka. Tone la milimita tano likianguka kutoka kwenye jani lililo mita kumi au zaidi juu ya ardhi hukaribia kasi yake ya juu kabisa, mita tisa kwa sekunde. Miti ya Amani ina urefu wa mita 30, mingine 40. Maana yake ni kwamba kilele cha mti mrefu, kikiachwa peke yake juu ya udongo mtupu, chaweza kuupiga udongo huo kwa nguvu kuliko mvua ya uwanja wazi.

Kinachokinga ardhi ni vya chini: vichaka, miche, kangaga, na zaidi ya vyote zulia la majani makavu. Nililifunua kwa vidole kando ya njia ya Derema. Juu kulikuwa na majani mazima yaliyolowa. Chini yake majani yaliyobaki mishipa tu, meupe kwa nyuzi za kuvu. Chini zaidi, udongo mweusi uliojaa matundu ya minyoo na mizizi myembamba kama uzi. Nikamimina maji ya chupa hapo. Yalizama bila hata kutengeneza dimbwi. Hatua chache mbali, kwenye njia iliyokanyagwa, maji hayo hayo yalikimbia mteremko yakiwa mekundu.

Yale yaliyozama ndiyo utajiri wa msitu. Yatasafiri taratibu ndani ya udongo na nyufa za mwamba, na kutokea kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye, wakati hakuna wingu. Ni sawa kusema msitu wa Usambara huleta mvua, lakini kazi kubwa ya kuileta imefanywa na bahari na mwinuko wa mlima, na ingenyesha hata kama mlima ungekuwa kipara. Miti nayo hunywa maji mengi na kuyarudisha hewani, na matawi yake yaliyojaa kuvumwani huchuja ukungu na kudondosha maji ambayo hakuna kipimo cha mvua kingeyahesabu. Kikubwa inachotupa ni muda. Mvua ya Mei inakuwa mto wa Januari.

Iliki ya yule bibi inaingia hapa. Mmea huo hupenda kivuli, kwa hiyo kwa miaka mingi wakulima waliulima ndani ya msitu, wakiacha miti mikubwa na kufyeka vya chini. Kwa mtu aliye mbali, hata kwa picha ya satelaiti, msitu unaonekana umesimama. Mvua haidanganyiki. Hali hiyo ilizungumzwa sana katika ushoroba wa Derema, ambako mashamba ya iliki yaliondolewa ili vipande vya msitu viungane, na wakulima wakalipwa fidia. Sioni haki kumlaumu mkulima kwa kutojua jambo ambalo hata michoro ya vitabu vyetu ililificha.

Upo pia mti mgeni, mhesi, wenye asili ya misitu ya kati na magharibi ya Afrika, ulioletwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hondohondo hupenda matunda yake na kuzitawanya mbegu kila penye uwazi. Amani yenyewe ilianzishwa kwa kupanda vya mbali: mwaka 1902 Wajerumani walifungua hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani kubwa ya mimea, wakajaribu kwinini na mamia ya miti mingine ya nchi za joto. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997, na inailinda mimea ya asili ikiwa na majirani hao.

Mimea hiyo ni ya kale mno. Usambara Mashariki ni mojawapo ya mafungu 13 ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanza vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Miamba yake ilipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kilimanjaro, wenye umri wa chini ya miaka milioni tatu, ni mtoto mbele yake. Miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa kwenye baridi kali na Afrika ikakauka, misitu mingi ya bara ilipungua sana. Lakini chavua iliyofukuliwa kwenye matope ya Udzungwa na Uluguru inaonyesha misitu ya huko ikiendelea kuwapo kipindi hicho. Maelezo yanayokubalika ni haya tuliyoyafuata tangu Kigombe: Bahari ya Hindi ilibaki na joto la kutosha, na upepo uliendelea kupandisha unyevu. Bahari iliyomhifadhi silikanti kilindini imehifadhi msitu mlimani.

Kwa hiyo viko viumbe hapa ambavyo havipo kwingine. Vyura wa jamii ya Nectophrynoides wanapatikana Tanzania tu, na mmoja wao, Nectophrynoides tornieri, anaishi misitu hii. Hatagi majini. Mayai hurutubishwa na kukua ndani ya mwili wa jike, naye huzaa vichura vilivyokamilika. Anayekitazama kijito cha Amani kikifurika mwezi Mei, kikibeba magogo na mawe, hastaajabu sana kwamba chura aliacha kukiachia kijito kama hicho viluwiluwi.

Maporomoko ya Derema tuliyasikia kabla hatujayaona. Maji yanatoka kwenye uwanda wa juu, yanafika ukingo wa mwamba mgumu, yanaanguka. Mlima huu ulinyanyuliwa kwa mipasuko ya ardhi, na mito yake bado haijapata nafasi ya kulainisha kingo, ndiyo maana Usambara ina maporomoko kila upande, hata Soni kule njia ya Lushoto. Watalii hupiga picha ya maji. Mimi ningewaomba wageuke wautazame ukuta wa pembeni, ule usiopigwa na maji moja kwa moja bali unaolowa kwa manyunyu yake. Hapo kila ufa una kuvumwani na vikangaga vinavyotikisika mchana kutwa. Miamba yenye kivuli na unyevu wa namna hiyo ndiyo makao ya ua la zambarau la Usambara, Saintpaulia, linalouzwa leo kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao 1892. Alilikuta sehemu mbili: msituni Usambara, na kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga, karibu kabisa na usawa wa bahari.

Manyunyu ya maporomoko ni nchi nzima kwa viumbe wake. Somo la hilo tulilipata Kihansi, Udzungwa. Chura mdogo, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko hayo, akiishi eneo la hekta chache tu. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa, kisha ugonjwa wa kuvu ukawaingia. Vyura karibu 500 walikuwa wameshapelekwa Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Porini walitangazwa kutoweka 2009, na kuanzia 2012 waliozalishwa huko wakaanza kurudishwa Kihansi.

Vijito vingi vya Amani huishia mto Zigi, ambao ramani nyingine huandika Sigi. Zigi huteremka hadi bwawa la Mabayani, lililojengwa miaka ya 1970, na kutoka hapo maji huchujwa na kupelekwa mabombani Tanga. Tulipofika Mabayani yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Sehemu ya rangi hiyo ni ya kawaida ya masika. Sehemu ni udongo wa mashamba na njia za juu, ambao hujaza bwawa, huongeza kazi ya kusafisha maji, na kinachopita huendelea hadi kwenye mikoko na matumbawe.

Mamlaka ya maji ya Tanga inalifahamu hilo. Imekuwa ikishirikiana na wakulima wa mabonde ya Zigi na Kihuhwi, waliojiunga katika UWAMAKIZI, kupanda miti kingoni mwa mito na kulinda vyanzo. Mwaka 2024 ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na wawekezaji wakaikubali. Hiyo ni hatua kubwa, nami naipongeza kwa moyo wote. Ila sehemu kubwa ya mtambo wa maji wa Tanga haikujengwa na mhandisi. Ni lile zulia la majani makavu, unene wake kiganja kimoja. Mkulima anayeacha vichaka visimame chini ya miti yake anapoteza mavuno ya iliki ili mtu wa mjini afungue bomba mwezi wa pili. Malipo yake yaingizwe kwenye hesabu za maji pamoja na dawa ya kusafishia, na kazi yake ipimwe Februari, mto ukiwa chini kabisa, kwa lita zinazopita kila sekunde na kwa uwazi wa maji yenyewe.